Saa ya Mheshimiwa Nayo Tuidai Risiti

Makamanda, Desemba hii ya 2024 imeingia na Moshi imeanza kujaa. Mabasi ya kutoka Dar yanashusha watu usiku na mchana, magari yenye vioo vyeusi yanapandisha kuelekea Kibosho, Machame, Marangu mpaka Rombo. Watani zetu wanasema Wachagga tunakwenda kuhesabiwa. Sawa, tuhesabiwe. Ni mwezi wa kuchinja, wa kukaa na wazee kwenye mbege, wa kusafisha makaburi ya babu zetu kihambani. Na tusidanganyane, ni mwezi wa kuonyeshana pia. Nani kaja na gari gani, nani kapandisha ghorofa, nani kavaa nini mkononi.

Kuna kuhesabiwa kwingine ndani ya mwezi huuhuu, na hakuna mtani anayekutania. Kwa mujibu wa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995, kiongozi wa umma anatakiwa awe amepeleka tamko la mali na madeni yake kwenye Sekretarieti ya Maadili ifikapo tarehe 31 Desemba. Waziri anahusika, mbunge anahusika, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, hadi diwani wako. Wao wanahesabiwa kwenye fomu, na fomu inaingia kabatini.

Leo nataka tuzungumze juu ya hesabu hizo mbili kupitia kitu kidogo ambacho kinaenea kwenye kiganja cha mkono: saa. Sina maana ya saa ya elfu kumi na tano ya pale Memorial. Nazungumzia zile saa za zamani, adimu, ambazo matajiri wa dunia wanazikusanya kama babu alivyokuwa anakusanya ng'ombe. Maana nimegundua kwamba wakusanyaji wa saa hizi wana utaratibu mmoja ambao taifa letu limeshindwa kuuweka kwa viongozi wake. Na mwakani tuna uchaguzi mkuu, kwa hiyo huu ndio wakati wake.

SAA INAYOZIDI BEI YA GHOROFA

Kwanza tuelewane kwamba bei ninazotaja hapa ni za kweli. Mwezi Oktoba 2017, pale New York, saa ya Rolex aina ya Daytona iliyokuwa ya mwigizaji wa Marekani, Paul Newman, ilinadiwa na kampuni ya Phillips ikauzwa kwa dola milioni 17.75. Kwa kiwango cha wakati ule ni karibu shilingi bilioni 40. Saa yenyewe ni ya chuma, haina almasi hata moja. Mke wake ndiye aliyemnunulia, akachonga nyuma maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu, kwa sababu mzee alikuwa anapenda mashindano ya magari. Miaka miwili baadaye, Novemba 2019, saa ya Patek Philippe ilinadiwa Geneva kwa ajili ya hisani ikafika faranga za Uswisi milioni 31. Hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 70. Piga hesabu ni madarasa mangapi.

Kijana wa Mawenzi anaweza kuuliza, jamani, chuma hicho kina nini? Kinasoma saa sita ileile ambayo mnara wa saa pale mjini unaisoma. Simu yako ya kitochi inasema saa kwa usahihi zaidi ya hiyo Rolex.

Jibu ni kwamba mkusanyaji halipii kujua saa ngapi. Analipia historia. Na historia hiyo lazima iwe na karatasi.

Hapo ndipo biashara hii inaponivutia. Saa mbili zinaweza kutoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, zikafanana kama mapacha, na moja ikauzwa mara kadhaa ya bei ya mwenzake. Tofauti ni boksi lake la awali, cheti chake cha dukani chenye namba, risiti, kumbukumbu za fundi aliyeifungua, na maelezo ya nani aliivaa kabla. Kampuni kama Patek Philippe zinatunza vitabu vya kumbukumbu, na mwenye saa anaweza kuomba karatasi inayothibitisha saa hiyo ilitengenezwa lini na kuuzwa lini. Mtaalamu anafungua mfuniko wa nyuma, anaweka kioo jichoni, anaangalia namba kwenye mashine kama zinalingana na za kwenye kasha. Akikuta uso wa saa umepakwa rangi upya, bei inashuka. Akikuta akrabu zimetoka kwenye saa nyingine, bei inashuka. Akikuta kiraka cha historia, yaani miaka ambayo haijulikani saa ilikuwa kwa nani, anauliza. Asipojibiwa, anaondoka na hela zake.

Hata mafundi saa wetu wa barazani mjini wanaijua kanuni hii. Mpelekee Seiko 5 ya mzee wako, ile inayojijaza yenyewe ukitembea. Ataigeuza kwanza, ataangalia nyuma, ndipo akwambie kama ni yenyewe au ni ya kuungaunga. Hakuna fundi anayeridhika na uso wa saa peke yake.

SAA YA MFALME WA UHABESHI

Mfano mzuri kuliko wote uko hapahapa Afrika Mashariki. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, aliyepinduliwa mwaka 1974, alikuwa na saa ya dhahabu ya Patek Philippe. Mwaka 2015 saa hiyo ilijitokeza Geneva kwenye orodha ya mnada wa Christie's. Kila kitu kilikuwa tayari: katalogi, wanunuzi, makadirio ya bei. Ndugu wa ukoo wa mfalme wakasimama wakasema, ngoja kwanza, saa hii imetokaje mikononi mwa mzee wetu? Mnada wa saa hiyo ukasimama. Ikabidi iondolewe. Ilirudi mwaka 2017 baada ya suala la umiliki kumalizwa, na hapo ikauzwa kwa karibu faranga za Uswisi milioni 2.9.

Swali moja tu, "imetokaje?", liliisimamisha biashara ya mabilioni kwa miaka miwili. Wala muulizaji hakuitwa mchochezi wala mwenye wivu. Nyumba ya mnada yenyewe iliona kwamba kuuza kitu chenye maswali ni kujichafua.

Sasa rudi nyumbani. Kwetu ukiuliza "imetokaje?" kuhusu kitu kilichoko kwenye mkono wa mtu anayelipwa kwa kodi yako, utaambiwa una roho ya kwa nini.

MAMA WA NDIZI ANA RISITI

Angalia jinsi nchi hii inavyomdai karatasi mtu mdogo. Mkulima wa kahawa wa Kibosho akipeleka kilo zake kwenye chama cha msingi, zinapimwa, zinaandikwa, anapewa stakabadhi. Utaratibu wa kupima na kuandika kahawa ya Mchagga una historia ndefu. KNCU ilianza mwaka 1933, na kabla yake kulikuwa na chama cha wakulima tangu 1925. Babu zetu ambao wengi wao hawakuvuka darasa la nne walitunza karatasi zao za kahawa kwenye masanduku ya bati mpaka wanakufa. Ukimuuliza mzee wa kule juu nyumba hii ya bati uliijengaje, anakwambia msimu, anakwambia kilo, na karatasi anayo.

Mfanyabiashara wa duka akiuza bila kutoa risiti ya mashine anapigwa faini. Kila siku tunaimbiwa na TRA: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mama anayetoa ndizi Marangu kuzipeleka Mbuyuni anadaiwa ushuru na anapewa karatasi yake. Machinga alidaiwa kitambulisho cha shilingi 20,000. Bodaboda anadaiwa leseni, bima, na kofia. Ukivuka pale Holili kwenda Taveta na fedha taslimu zinazofika dola 10,000, sheria inataka uzitamke.

Lakini fikiria mtu huyohuyo wa Holili akivuka na saa ya dola 100,000 mkononi, kashusha tu mkono wa shati. Nani atamsimamisha? Ndiyo maana duniani kote watu wenye fedha zisizo na maelezo wanazipenda sana saa. Nyumba haivuki mpaka. Gari lina namba. Akaunti ya benki ina mtandao unaoacha alama. Saa inakaa mkononi, inapita kila geti, na ukiulizwa unasema, "Hii? Mchina tu huyu."

TUNDU LA SHERIA

Sasa tufike kwenye kiini. Wengi tunadhani kiongozi anaficha saa yake kwa kuivunja sheria. Ndugu zangu, mara nyingi hana haja ya kuivunja. Sheria yetu ya maadili ya mwaka 1995 inagawa mali mafungu mawili. Kuna mali za kutamkwa, kama fedha zilizo benki, hisa, mashamba ya biashara, nyumba ambazo hazikaliwi na familia. Halafu kuna mali za matumizi binafsi ya kiongozi na familia yake, zisizo za kibiashara. Hizi hazimo kwenye mali za kutamkwa.

Wakati sheria ile inatungwa, mtu aliyesema "vitu vya matumizi binafsi" huenda alikuwa anafikiria makochi, suti na saa ya ukutani. Haina ubaya, hakuna anayetaka kuhesabu sufuria za mheshimiwa. Lakini ndani ya tundu hilohilo la sufuria inapita saa yenye thamani ya ghorofa mbili za Shantytown. Kiongozi mwenye shilingi milioni 200 benki anatakiwa azitaje. Akizitoa akanunua saa ya zamani ya milioni 200, amevaa kitu cha matumizi binafsi. Fedha ni zilezile, zimebadilisha tu umbo, na kwenye karatasi zimepotea.

Na hata zile mali zinazotamkwa, wewe mwananchi unazionaje? Kuiona rejista ni kwa masharti, na ukishaiona huna ruhusa ya kwenda kuitangaza mitaani. Yaani mwajiri anaruhusiwa kusoma taarifa za mfanyakazi wake kwa sharti la kufunga mdomo.

Ndiyo maana habari za utajiri wa viongozi wetu zinatufikia kwa kuzunguka dunia nzima. Mwaka 2008 tulisikia kwamba Andrew Chenge, aliyekuwa Waziri wa Miundombinu, alikuwa na zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti kisiwani Jersey. Mwenyewe akaziita "vijisenti", na Aprili mwaka huo akajiuzulu uwaziri. Neno likabaki kwenye Kiswahili mpaka leo. Habari ile haikutoka kwenye rejista ya maadili ya Dar es Salaam. Ilitokana na uchunguzi wa Waingereza na magazeti yao. Jersey ni mbali, makamanda. Mkono wa mheshimiwa uko karibu zaidi.

Tulikotoka hatukuwa hivi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, CCM ikayalegeza. Sisemi turudi kuvaa kaunda suti moja mwaka mzima. Lakini ukiondoa ukuta, weka hata uzio. Kilichowekwa badala yake kilikuwa fomu na kabati. Rais Mkapa alipoingia Ikulu mwaka 1995 alitaja mali zake hadharani, na tulimpongeza. Haikuwa lazima kisheria, alifanya kwa hiari yake. Jambo likiwa la hiari, anayekuja nyuma yako ana hiari ya kuliacha.

"NI ZAWADI"

Utetezi wa kwanza utakaousikia ni huu: saa ni zawadi, nimepewa na rafiki.

Kwenye ulimwengu wa wakusanyaji, saa za zawadi za watawala ni fungu maalumu kabisa. Sultan Qaboos wa Oman, miaka ya 1970, aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na alama ya jambia kwenye uso wake, akawagawia watu waliomtumikia, wakiwemo wanajeshi wa Uingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar. Leo saa zenye jambia zinatafutwa kwa udi na uvumba. Ninachokipenda mimi hapo ni ile alama. Aliyepewa hawezi kusema kaokota. Ukiiona, unajua nani katoa, na ukitaka unauliza katoa kwa kazi gani.

Zawadi za wanasiasa wa leo hazina jambia. Mwezi Machi 2024 waandishi wa Peru walikaa wakapitia picha za Rais wao, Dina Boluarte, wakaona saa za Rolex ambazo hazikuwa kwenye matamko yake ya mali. Kwanza alisema ni matunda ya kazi yake tangu akiwa na miaka 18. Polisi na waendesha mashtaka wakaenda nyumbani kwake usiku, wakavunja mlango. Baadaye akasema aliazimwa na gavana rafiki yake. Tangu lini rais wa nchi akaazima saa? Brazil nako, Julai 2024, polisi wa shirikisho walimhusisha rasmi rais wa zamani Jair Bolsonaro na kashfa ya vito na saa ambazo serikali ya Brazil ilizawadiwa na nchi za Ghuba, zikadaiwa kuuzwa Marekani kama mali ya mtu. Yeye anakanusha. Swali lililoulizwa ni zuri bila kujali jibu: zawadi ile ilikuwa ya Bolsonaro au ya cheo chake?

Sheria yetu nayo inalitambua swali hilo. Inamtaka kiongozi aliyepewa zawadi inayozidi kiwango kilichowekwa aitamke na kuikabidhi kwa ofisa masuuli. Kwa hiyo mheshimiwa akikwambia saa yake ni zawadi, hajajitoa kwenye swali. Amejiingiza kwenye swali la pili: je, uliikabidhi?

"NI WIVU WA MASKINI"

Utetezi wa pili ni wa chawa wake. Watasema vijana wa upinzani wanaona gere, wanataka kila mtu awe fukara.

Si kweli, na Moshi ndiyo ushahidi. Mji huu ulimpeleka bungeni mzee Philemon Ndesamburo kuanzia mwaka 2000 hadi 2015, mtu ambaye watu walimwita Ndesa Pesa bila kinyongo. Hakuwa maskini na hakujifanya maskini. Lakini alikuwa mfanyabiashara kabla ya ubunge, na mtu wa mjini hapa ukimuuliza fedha za mzee zimetoka wapi alikuwa anakuonyesha kwa kidole. Mchagga hachukii mali. Mchagga anachukia mali isiyo na hadithi. Hata nyumbani, kijana akirudi Desemba na gari jipya, wazee wanafurahi, halafu jioni baba anamwita pembeni: unafanya kazi gani siku hizi, mwanangu? Hilo ni swali la mzazi, halina wivu. Sisi wapiga kura ndio wazazi wa hawa waheshimiwa.

Na mtu anayekusanya saa kwa mapenzi yake, kwa jasho lake, tumheshimu. Ni kazi ya subira na elimu. Kuna wastaafu hapahapa Kilimanjaro wenye saa za kujaza kwa mkono ambazo zinatembea mpaka leo kwa sababu walizitunza. Huyo atakueleza kila saa aliipata wapi, na hatakuruhusu uondoke kabla hajamaliza. Mkusanyaji wa kweli anatamani aulizwe. Ukiona mtu ana saa adimu na anachukia kuulizwa, hapo simama.

"NI FEKI TU"

Utetezi wa tatu ni mtamu kuliko yote: hii saa ni feki, nimeinunua Kariakoo. Sawa, inawezekana kabisa. Soko la saa bandia ni kubwa, na picha ya simu haiwezi kumaliza ubishi huo.

Hapa nina neno na vijana wenzangu. Tumeona wenzetu wa Kenya mwezi Juni mwaka huu. Muswada wa Fedha ndio uliowatoa barabarani, lakini hasira ilikuwa imeshapikwa na picha za waheshimiwa wakijionyesha magari, viatu na saa huku wakiwaambia wananchi wafunge mkanda. Tarehe 25 Juni vijana wakaingia bungeni, kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini muswada. Lakini makumi ya vijana walikufa. Hiyo si bei ya kuichukulia kama mchezo.

Tumeona pia China. Mwaka 2012 ofisa mmoja wa jimbo la Shaanxi, Yang Dacai, alipigwa picha akitabasamu kwenye ajali ya basi iliyoua watu 36. Watu wa mtandaoni wakakasirika, wakachimba picha zake za nyuma, wakahesabu saa 11 tofauti za gharama mkononi mwake. Mwaka 2013 mahakama ilimhukumu miaka 14 jela kwa rushwa na kuwa na mali asizoweza kuzieleza. Angalia vizuri: picha hazikumfunga. Picha ziliuliza, uchunguzi ukajibu.

Kwa hiyo ukiona mkono wa mheshimiwa unang'aa, usikimbilie kuandika "mwizi huyu". Kwanza huna uhakika. Pili kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na tunajua inawapata akina nani haraka. Uliza. "Mheshimiwa, hiyo saa ni ya aina gani, uliipata lini, na imo kwenye tamko lako?" Swali la adabu, hadharani, mbele ya wananchi, halina kosa. Akisema ni feki, tumeandika kwamba amesema ni feki. Siku ikija kujulikana si feki, tatizo litakuwa lake.

Nyenzo za kisheria zipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, kifungu cha 27, inazungumzia mtumishi wa umma kuwa na mali ambazo hazilingani na kipato chake na hana maelezo. TAKUKURU hawahitaji sheria mpya kuuliza swali. Wanahitaji nia.

TUANZE NA SISI

Sasa sehemu ambayo baadhi ya makamanda hawataipenda. Nasi tuna mikono.

Mwakani watakuja watia nia wetu, wengine wenye saa kubwa kuliko sera zao. Kijana anakopa nauli ya kwenda kwenye mkutano wa hadhara, anafika, anakuta kiongozi jukwaani ananyoosha vidole viwili na saa inapiga mwanga mpaka nyuma ya uwanja. Kama hatuwezi kumuuliza huyo, hatuna haki ya kumuuliza waziri. Upinzani ambao unadai uwazi kwa CCM na unaomba faragha kwa wenyewe ni CCM iliyochelewa kula. Wenzetu wa ACT-Wazalendo wameweka kwenye miiko yao kwamba viongozi watangaze mali hadharani. Zuri likifanywa na jirani, iga bila aibu.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Mawenzi, na kata zote za Moshi Mjini na Vijijini, Hai, Vunjo, Rombo, Siha, Mwanga na Same, tuyabebe haya manne kwenye vikao vyetu kuanzia mwezi huu.

Moja. Kila anayetia nia kupitia chama chetu, udiwani na ubunge, aandike tamko la mali na alibandike kwenye ubao wa ofisi ya kata kabla ya kura za maoni. Asiyebandika, asipigiwe kura.

Mbili. Tamko hilo litaje kitu chochote kimoja cha matumizi binafsi ambacho thamani yake inazidi mshahara wa mwaka mmoja wa nafasi anayoomba. Saa, mkufu, pete, chochote. Sufuria zake hatuzitaki.

Tatu. Ilani yetu iahidi kurekebisha sheria ya 1995 kwa kipimo hichohicho, na kuifungua rejista isomwe na mwananchi bila masharti ya kufunga mdomo. Mali ya kiongozi ijulikane siku anaingia na siku anatoka.

Nne. Iwepo orodha ya zawadi inayochapishwa kila mwaka: nani kapewa nini, na nani, na iko wapi sasa hivi. Kama ofisi ya umma ina kabati la kuhifadhi ngao na vinyago walivyopewa wageni rasmi, hata saa zina nafasi humo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalomkataza mtu kuwa tajiri. Mwenye saa ya Paul Newman akitaka udiwani wa Mawenzi, aje. Alete boksi, alete cheti, alete risiti, atuambie mwaka aliyoinunua na kwa fedha gani. Tukiridhika, tutampa kura na tutamwomba atushikishe kidogo.

Kwa sasa Desemba ndiyo hii. Waheshimiwa wanapanda milimani kuja kula nasi sikukuu, watasimama makanisani, watachangia harambee, watanyoosha mikono kutupungia. Wapokeeni vizuri, ni ndugu zetu. Wakaribisheni mbege. Halafu, kwa heshima zote, ulizeni ile saa imetoka wapi, na kama imo kwenye fomu ya tarehe 31.